Kisukari cha Mimba na Mtoto Mkubwa Tumboni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Njia ya Kujifungua

Mjamzito anapoelezwa kliniki kwamba huenda ana kisukari cha mimba, na kwamba mtoto aliye tumboni anaonekana mkubwa, maswali mawili hujitokeza: atajifungua kwa njia gani, na atajifungulia wapi? Kwa mkazi wa Madibira, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, swali la pili lina uzito sawa na la kwanza. Safari ya kwenda Rujewa, yaliko makao makuu ya wilaya, au Mafinga, mkoani Iringa, haifai kuanza usiku wakati uchungu umekwisha kukolea. Kwa sababu hiyo, uamuzi unapaswa kufanywa mapema, baada ya vipimo na mashauriano na wataalamu.

Shaka ithibitishwe kwa kipimo

Kisukari cha mimba hutokea pale homoni za kondo la nyuma zinapopunguza nguvu ya insulini, na kongosho la mama likashindwa kufidia upungufu huo. Sukari iliyozidi katika damu ya mama humfikia mtoto, naye hunenepa, hasa mabegani na kifuani.

Mara nyingi hali hii haina dalili, na kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi kuithibitisha. Kipimo kinachotegemewa hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hupimwa damu kabla ya kula, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2013, kisukari cha mimba huthibitishwa endapo sukari ni kuanzia milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kiwango kimoja kati ya hivyo kinatosha.

Wanaopaswa kuulizia kipimo hiki bila kusubiri ni wenye uzito mkubwa, wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, waliowahi kupata kisukari cha mimba, na waliowahi kuzaa mtoto mkubwa au mtoto mfu bila sababu kujulikana.

Matibabu huanza na chakula na mazoezi mepesi. Madibira ni eneo la mpunga, na wali huliwa karibu kila siku. Mama halazimiki kuuacha. Anashauriwa kupunguza kipimo chake, kuongeza maharage, dagaa, mayai na mboga za majani, na kuacha soda na chai yenye sukari nyingi. Sukari isiposhuka, daktari huongeza dawa. Sukari ikidhibitiwa, uwezekano wa mtoto kunenepa kupita kiasi hupungua.

Uzito wa kukadiria si uzito wa mizani

Mtoto huitwa mkubwa anapozaliwa na kilo 4 au zaidi. Baadhi ya miongozo hutumia kilo 4.5. Hata hivyo, kipimo cha ultrasaundi hukadiria tu, na kinaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15. Mtoto aliyekadiriwa kuwa na kilo 4.2 anaweza kuzaliwa na kilo 3.6 au 4.8.

Hofu kuu ni mabega kukwama baada ya kichwa kutoka, jambo linaloweza kumnyima mtoto hewa au kuumiza mishipa ya fahamu ya mkono. Watoto wengi wakubwa huzaliwa bila tatizo hilo, lakini kwa uzito uleule hatari huwa kubwa zaidi mama anapokuwa na kisukari. Ndiyo maana matokeo ya kipimo cha sukari yana uzito mkubwa katika uamuzi kuliko ukubwa wa tumbo.

Njia tatu za kujifungua

Ya kwanza ni kusubiri uchungu uanze wenyewe. Inafaa pale sukari imedhibitiwa, mtoto anakua vizuri na mama anafuatiliwa kwa karibu. Mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, unataka mama wa aina hii asipitishe wiki 40 na siku 6.

Ya pili ni kuanzishiwa uchungu hospitalini. Humzuia mtoto kuendelea kunenepa, lakini huhitaji uangalizi wa karibu, na isipofanikiwa huishia kwenye upasuaji. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu hazina nafasi hapa, kwa kuwa zinaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Ya tatu ni upasuaji uliopangwa. Miongozo ya Marekani inashauri kuujadili endapo mama ana kisukari na mtoto anakadiriwa kufikia kilo 4.5, kwa asiye na kisukari, kilo 5. Upasuaji huepusha mabega kukwama, lakini una hatari ya kutokwa damu nyingi na maambukizi, na huacha kovu linalohitaji kila ujauzito unaofuata uzaliwe hospitalini. Mama anayetarajia watoto zaidi anapaswa kulipima hilo.

Mahali pa kujifungulia

Kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, mama mwenye kisukari na mtoto mkubwa anapaswa kujifungulia panapofanyika upasuaji na penye huduma ya watoto wachanga. Familia inashauriwa kukubaliana mapema na mkunga kuhusu hospitali, nauli, msindikizaji na mahali pa kukaa karibu na hospitali wiki za mwisho, hasa msimu wa mvua. Ikitokea dharura, piga simu bila malipo namba 115 ya mfumo wa M-Mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mama asisubiri nyumbani anapotokwa damu, chupa inapopasuka, anapoumwa kichwa sana au kuona maluweluwe, au mtoto anapopunguza kucheza.

Baada ya kujifungua

Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mama arudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha mara kwa mara, kwa sababu aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu miaka ya baadaye.