Vichocheo vya mwanga: unga unaopasua maji kwa jua

Rangi nyeupe ya ukutani, dawa nyingi za meno na baadhi ya mafuta ya kukinga ngozi na jua vina unga mmoja: titani dioksidi. Humo kazi yake ni kuleta weupe au kuzuia mionzi. Lakini unga huo ukiwa ndani ya maji na ukapigwa na mwanga unaofaa, unaweza kusaidia kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, au kuvunjavunja kemikali chafu zilizomo. Vitu vya namna hii huitwa vichocheo vya mwanga.

Habari hii ilianzia Japani. Mwaka 1967 Akira Fujishima, akiwa mwanafunzi wa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, aliweka fuwele ya titani dioksidi majini, akaiunganisha kwa waya na kipande cha platinamu, kisha akaimulika. Viputo vya gesi vikatoka. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1972, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipopanda duniani, watu wakaanza kuyasoma kwa makini.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga ukigonga kichocheo, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni ikifika kwenye uso wa chembe husaidia kutengeneza haidrojeni. Tundu nalo huyanyang'anya maji elektroni, na oksijeni hutoka. Tatizo ni kwamba elektroni na tundu hukimbilia kurudiana, na zikikutana njiani nishati yote huishia kuwa joto. Ndiyo maana udogo una maana hapa. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ndani ya chembe ya nanomita 25, safari ya kufika usoni ni fupi mno, na gramu moja tu ya unga huo ina uso wa takriban mita za mraba 50, sawa na sakafu ya nyumba ndogo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni jua lenyewe. Titani dioksidi hutumia mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua inayotufikia. Mwanga mwingine wote haufanyi kazi.

Jaribio kubwa linalojulikana zaidi ni la kundi la Kazunari Domen, pia wa Japani. Mwaka 2021 walieleza walivyotandaza paneli za mita za mraba 100 nje, juani, zikiwa na unga wa strontiamu titaneti, ambao nao hutegemea urujuanimno. Ziliendelea kufanya kazi kwa miezi kadhaa, na gesi mbili zilizotoka pamoja, mchanganyiko unaoweza kulipuka, zilitenganishwa kwa utando. Ufanisi wa juu ulikuwa asilimia 0.76. Linganisha na paneli za kawaida za umeme wa jua, ambazo hufikisha takriban asilimia 20. Kwa hiyo ukisikia mtu anatangaza kwamba haidrojeni ya bei rahisi kutoka kwenye unga iko tayari sokoni, muulize asilimia ngapi.

Kwenye usafi wa maji mambo yamesogea zaidi, kwa sababu hapo hakuna gesi ya kukusanya. Mwanga huzalisha majini chembe kali zinazoshambulia rangi za viwandani, mabaki ya viuatilifu na hata bakteria, na kemikali nyingi za aina hiyo zikivunjwa kabisa hubaki hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi. Maji yakiwa na tope, mwanga haupiti. Unga nao ni mdogo kiasi kwamba kuuchuja ni kazi, hivyo wengi huugandisha kwenye kioo au vigae.

Tena, kichocheo huvunja molekuli. Elementi hakiwezi kuiondoa. Risasi haivunjiki, wala floraidi inayochafua meno ya watu wa maeneo kama Arusha. Hiyo inahitaji njia nyingine, kama vile chujio la mkaa wa mifupa.