Kutoka Mwani hadi Bakteria: Historia ya Kupambana na Utando Mwekundu katika Matangi ya Matumbawe

Utangulizi

Mfugaji wa matumbawe katika tangi la maji ya chumvi huweza kuamka asubuhi akakuta mchanga umefunikwa na utando mwekundu, wenye utelezi na vipovu vya hewa. Akiunyonya kwa mpira, baada ya siku chache hurudi. Ukipanda juu ya matumbawe huyanyima mwanga na mzunguko wa maji, na nyama yake huanza kufa. Utando huo hutokana na sianobakteria, viumbe wa ukoo wa kale sana ambao takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita ulianza kuijaza anga ya dunia oksijeni.

Kwa muda mrefu viumbe hawa waliitwa mwani. Hoja ya insha hii ni kwamba historia ya kupambana nao imeongozwa na jina walilopewa. Walipohesabiwa kuwa mimea, silaha ilikuwa giza. Walipotambuliwa kuwa bakteria, silaha ikawa dawa. Mipaka ya silaha hizo mbili ndiyo iliyowarudisha wafugaji kwenye swali la msingi, yaani hali ya maji yenyewe.

Uwiano na Giza

Mwaka 1846, Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akayapeleka London. Ili maji yasichafuke, mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine kila siku yapate hewa. Mwaka uliofuata Thynne aliongeza mimea ya baharini ili isaidie kazi hiyo. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington alieleza jaribio lake la kufuga samaki wa dhahabu pamoja na mimea ya maji baridi. Majani yaliyozeeka yalioza, maji yakavurugika, na utelezi wa kijani ukashika kioo. Warington hakuongeza dawa yoyote. Aliongeza konokono, wakala uchafu ule, na maji yakatulia. Hivyo, tangu siku za mwanzo za ufugaji huu, utando ulionekana pamoja na chanzo chake: mabaki yanayooza bila kuondolewa.

Philip Henry Gosse, ambaye kitabu chake cha mwaka 1854 kilieneza ufugaji wa viumbe wa baharini majumbani, alitegemea uwiano huohuo wa mimea na wanyama. Hata hivyo, mwanga mwingi wa dirishani uliotesha mwani kupita kiasi. Jibu lililopata nguvu zaidi katika maonyesho makubwa lilikuwa la William Alford Lloyd. Katika jumba la maonyesho la Crystal Palace, lililofunguliwa mwaka 1871, maji yalizungushwa mfululizo kwa pampu kati ya matangi na hifadhi kubwa iliyokaa gizani. Giza lilizuia mimea midogo kuongezeka, na wingi wa maji ulipunguza makali ya uchafu.

Mbinu hiyo iliwafaa samaki, kaa na matumbawe ya bahari baridi, lakini ilikuwa na mpaka wake. Matumbawe mengi yanayojenga miamba ya bahari za joto hutegemea mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake, na mwani huo huhitaji mwanga. Aliyetaka kuyafuga hakuweza kuzima taa.

Mwanga Warudi

Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alichapisha maelezo ya namna alivyofuga matumbawe kwa kutumia mawe hai ya baharini, mwanga wa jua na vipovu vya hewa. Katika miongo iliyofuata, wafugaji wa Berlin waliunganisha mawe hai na taa kali pamoja na mashine inayotoa taka majini kwa povu kabla hazijaoza. Matumbawe magumu yakaanza kukua majumbani. Hata hivyo, mwanga uliyoyalisha matumbawe uliwalisha pia sianobakteria, kwani wote wawili hunufaika na usanisinuru. Giza lilikuwa limeondolewa mezani. Ilibidi itafutwe njia nyingine.

Jina Jipya, Silaha Mpya

Ferdinand Cohn alikuwa ameviweka viumbe hivi katika kundi moja na bakteria tangu miaka ya 1870, lakini jina la mwani liliendelea kutumika kwa karibu karne nzima. Mwaka 1962, Roger Stanier na C. B. van Niel walibainisha tofauti ya msingi: seli za bakteria hazina kiini kilichozungukwa na utando, na viumbe hivi vilikuwa upande huo. Mwaka 1978, Stanier na wenzake walipendekeza viingizwe rasmi chini ya kanuni za majina ya bakteria.

Badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa kwa mfugaji. Kama adui ni bakteria, basi kiuavijasumu chaweza kumwua. Erithromaisini, iliyotangazwa mwaka 1952 baada ya kupatikana kutokana na udongo wa Ufilipino, huwazuia bakteria kutengeneza protini, na wafugaji wakaanza kuitia katika matangi yao. Utando uliweza kutoweka kwa siku chache.

Gharama ilijitokeza baadaye. Usafi wa tangi hutegemea bakteria wengine, wale wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, ambao kazi yao ilibainishwa na Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890. Dawa isiyochagua huweza kuwadhuru hao pia. Aidha, utando mwingi unapokufa kwa mkupuo, kuoza kwake hula oksijeni na kurudisha majini virutubisho vilevile vilivyouzalisha. Mfugaji asiyebadili kitu kingine humpa adui chakula cha kurudia.

Fundisho kutoka Baharini

Mwaka 1973, Arnfried Antonius alieleza ugonjwa wa ukanda mweusi aliouona katika miamba ya Belize na Bermuda. Ukanda huo, unaotawaliwa na sianobakteria, hutambaa juu ya matumbawe na kuacha nyuma mifupa mitupu. Chini yake oksijeni hupungua na salfaidi yenye sumu hujikusanya. Utando wa tanginı si lazima uwe ugonjwa huo, lakini umuhimu wa kuuelewa unavuka kuta za kioo.

Hitimisho

Mbinu zinazotegemewa leo zinafanana na konokono wa Warington kuliko dawa: kuunyonya utando, kupunguza chakula, kuongeza mkondo, kubadilisha maji na kuondoa mabaki. Kupunguza fosfeti husaidia, lakini kuondoa naitreti yote huweza kuwa kosa, kwa kuwa baadhi ya sianobakteria hujipatia naitrojeni kutoka hewani ilhali washindani wao hawawezi. Hata uwiano wa naitrojeni na fosforasi alioueleza Alfred Redfield mwaka 1934 ulihusu bahari kuu. Haukuwa kanuni ya tangi.

Kulisahihisha jina kulikuwa ushindi wa kweli wa sayansi, kwa sababu kuliwaonyesha wafugaji ni kiumbe gani wanachoshughulika nacho. Sababu ya kiumbe huyo kustawi, hata hivyo, ilikuwa imeonekana tangu mwaka 1850, katika majani yaliyokuwa yakioza.