Asili ya Vitenzi-Kirai vya Kiingereza

Vitenzi-kirai vya Kiingereza, yaani vitenzi vifupi vinavyopata maana mpya vinapofuatwa na kijineno kama "up", "off" au "out", vilipewa jina linalovitambulisha leo kwa kuchelewa mno: mwandishi Logan Pearsall Smith alilieneza mwaka 1925, akieleza kuwa alipendekezewa na mhariri wa kamusi Henry Bradley. Vyenyewe ni vya zamani zaidi. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi karibu na uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kazi hiyo ilifanywa zaidi na viambishi vilivyotangulia mzizi. Viambishi hivyo vilipofifia, vijineno vilivyokaa nyuma ya kitenzi vikashika nafasi yake, na baadhi ya wataalamu huona humo pia athari ya lugha ya Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Tarihi ya watawa wa Peterborough, iliyokoma mwaka 1154, tayari ina "give up" kwa maana ya kusalimisha kitu.

Kijineno "up" kilichoonyesha kwenda juu kilikuja pia kuonyesha ukamilifu wa tendo, ndiyo maana "eat up" ni kula chakula chote kikaisha. Kwa hiyo "give up" hutumika mtu anapoachana kabisa na jambo, hata pasipo wa kumlazimisha, ilhali "give in" hudai pawepo mtu au shinikizo ambalo hatimaye limemshinda. Kuvikaririsha vitenzi hivi shuleni kama orodha isiyo na historia ni kumnyima mwanafunzi ufunguo wake.

Ushahidi mzuri zaidi wa jinsi maana za vitenzi hivi zinavyobadilika umo katika kamusi ya mwaka 1755 ya Samuel Johnson, ambaye katika dibaji yake alivitaja vitenzi hivi kuwa ndivyo vinavyowatatiza wageni kuliko yote. Johnson alifasiri "set out" kuwa kuanza safari na "set off" kuwa kupamba. Maana hiyo ya kupamba ingalipo, lakini leo vyote viwili husemwa kwa msafiri, isipokuwa "set off" huelekea zaidi kwenye kitendo chenyewe cha kuondoka, na hutumika pia kwa kulipua bomu au kuamsha king'ora, hali "set out" hubeba nia ya kutimiza lengo lililokusudiwa.