Picha zisizofanana na nyumba: namna mwanafunzi wa arshitektire anatafuta mawazo

Watu wengi wakiona kazi ya mwanafunzi wa arshitektire kwenye ordinatere, wanauliza: "Sasa nyumba iko wapi hapa?" Wanaona mistari, pembe na vipande vya rangi vimepandana. Hakuna mlango, hakuna paa. Mzazi mwenye kulipa minervali anaweza kufikiri mtoto anacheza tu. Lakini picha za namna ile ni kazi ya kupima mawazo, na ziko na historia yake.

Zilitokea wapi?

Mwaka 1915, kule Urusi, mchoraji Kazimir Malevich alionyesha picha ya mraba mweusi juu ya rangi nyeupe, basi. Kiisha, miaka ya 1920, akatengeneza maumbo ya jipsi yaliyopangwa kama majengo, bila vyumba.

Zaha Hadid alizaliwa Baghdad mwaka 1950. Alisoma hesabu kule Beirut, na mwaka 1972 akaanza arshitektire kule London. Kwa kazi yake ya kumaliza masomo, alichukua umbo la Malevich, akaliweka juu ya daraja la mto Thames, akaligeuza kuwa hoteli. Ilibaki kwenye karatasi. Mwaka 1983 alishinda shindano moja la Hong Kong. Jengo lile nalo halikujengwa.

Mwaka 1993 njo kituo chake cha wazima-moto kilimalizika kwenye kiwanda cha Vitra, Ujerumani. Kuta zake za beto zimechongoka sawa na mistari aliyokuwa anapaka kwa mkono. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Miaka ya nyuma, ordinatere ilichukua nafasi ya burashi: kituo cha Heydar Aliyev kule Baku, cha mwaka 2012, kimejikunja kama kitambaa, ukuta na paa kitu kimoja.

Na kwetu Kongo?

Si lazima kuanzia Urusi. Angalia kitambaa cha Wakuba wa Kasai. Wanaume wanafuma rafia, wanawake wanashona michoro. Mistari inafuatana vizuri, halafu ghafla inavunjika na kugeuka. Mwanafunzi anaweza kusoma kanuni ile na kuipima kwa ordinatere.

Anaipima namna gani?

Iko programu ya Processing, iliyoanza mwaka 2001, haiuzwi. Ukishaiweka kwenye mashini, unaweza kuchora hata bila intaneti. Unaandika amri: chora mraba, rudia mara mia, kila mmoja ugeuke kidogo. Ukibadilisha namba moja, picha nzima inabadilika. Halafu unachagua moja na kuisimamisha: vipande vyeusi vinakuwa kuta, vyeupe vinakuwa njia na kiwanja.

Hapo njo kazi ngumu inaanza. Maji ya mvua yatapita wapi, kama kiwanja kiko kwenye mteremko wa Bukavu? Fundi wa Goma ataijenga pembe ile kwa jiwe la volkano? Itaongeza gharama gani? Mzazi anayetaka kujua kama mtoto anasoma kweli, amuulize maswali hayo. Kama anajibu kwa plani na vipimo, picha ile imeshaanza kuwa nyumba.