Kikomo cha Mkopo na Hati ya Ardhi: Historia ya Rehani za Nyumba Jinja na Mbale

Mijadala ya sera za makazi Afrika Mashariki huchukulia kwamba kikomo cha mkopo wa nyumba kikipandishwa, wanunuzi wataongezeka. Historia ya Jinja na Mbale yaonyesha vingine. Katika miji hii ya mashariki mwa Uganda, kizuizi cha mnunuzi hakikuwa kiasi cha fedha peke yake, bali hati ya ardhi inayokubalika kuwekwa rehani.

Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwapa wakuu wa Buganda ardhi ya mailo, ambayo baadaye ilipimwa na kusajiliwa. Busoga na Bugisu hazikupata mpango kama huo. Semei Kakungulu, mwanzilishi wa Mbale, alikuwa mmoja wa wachache waliopewa eneo la binafsi. Wakulima waliomzunguka walibaki na miliki ya kimila. Mijini, viwanja vilikodishwa na Serikali kwa muda maalumu, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wakawa wapangaji wakuu. Jinja ilipopanuka kwa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954, wafanyakazi Waafrika walijengewa nyumba za kupanga Walukuba. Walipata paa, hati hawakupata.

Mwaka 1967 iliundwa kampuni ya taifa ya kukopesha fedha za nyumba, ambayo leo ni Housing Finance Bank. Miaka mitano baadaye Idi Amin aliwafukuza Waasia, na majengo yao yakawekwa chini ya bodi ya usimamizi. Amri ya Mageuzi ya Ardhi ya 1975 ikatangaza ardhi yote kuwa ya umma. Mkaaji hakuwa na hakika ya miliki, wala mkopeshaji hakuwa na hakika ya dhamana. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kurejesha mali hizo, na katika miaka ya 1990 majengo mengi yalirudi kwa wenyewe. Baadhi yao waliuza, na katika soko la namna hiyo mwenye fedha taslimu humtangulia anayesubiri benki.

Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 ziliitambua miliki ya kimila na kuweka cheti chake. Hata hivyo, utambuzi wa sheria haukugeuka mara moja kuwa dhamana inayopendelewa na benki. Jinja na Mbale zilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, Jinja ilivijumuisha vitongoji kama Bugembe na Mafubira, na tofauti kati ya kiwanja chenye hati na shamba la ukoo ikaingia ndani ya jiji lenyewe.

Nchini Kenya, kampuni ya kuwezesha rehani, KMRC, iliongeza mwaka 2022 kikomo cha mkopo wa nafuu kutoka shilingi milioni 4 hadi 8 katika eneo la Nairobi na viunga vyake, na kutoka milioni 3 hadi 6 kwingineko. Hatua ya aina hiyo ikiigwa mashariki mwa Uganda, muuzaji wa kiwanja chenye hati atapandisha bei, kwa kuwa anajua mnunuzi anaweza kukopa zaidi. Mwekezaji mwenye hati kadhaa ataweka moja rehani ili anunue nyingine. Mwalimu mwenye ardhi ya ukoo ataendelea kujenga kidogo kidogo kwa mkopo wa mshahara.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua ndio wenye uzito: upimaji na usajili wa bei nafuu utangulie, kikomo kifuate. Kinyume chake, mkopo mkubwa utawanufaisha waliokwisha kunufaika.