Mwembe wa Nyumbani na Njia ya Pwani

Msomaji, ukipita Kanyangi, katika Kaunti ya Kitui, wakati wa msimu wa maembe, utaona katika maboma mengi miembe iliyoinamisha matawi kwa uzito wa matunda. Mtoto aliyekulia kivulini mwake hudhani kwamba mti huo umekuwapo tangu kuumbwa kwa vilima. Sivyo. Mwembe ni mgeni, na safari yake ni sehemu ya historia yetu.

Tuanze na jina, maana jina ni shahidi asiyehongwa. Mbuyu Mkamba huuita mwamba, na mkwaju huuita kithumula. Majina hayo ni ya lugha yake mwenyewe, kwa kuwa miti hiyo aliikuta porini. Lakini embe hulitaja kwa neno lile lile la Waswahili. Neno geni mara nyingi huja pamoja na kitu chenyewe.

Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani, na ulivuka bahari kwa vyombo vilivyosukumwa na pepo za kaskazi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliandaliwa Mogadishu tunda aliloliita anba: bichi lilikuwa kali kama limau, likatiwa siki, bivu lilikuwa tamu sana. Basi embe lilijulikana pwani zaidi ya miaka 500 kabla ya reli.

Ni nani waliounganisha pwani na Ukambani? Wakamba wenyewe. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu hadi Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mashuhuri miongoni mwa wakuu wake alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, akauawa safarini mwaka 1851. Baadaye wafanyabiashara wa pwani nao waliingia bara. Tusifiche pia kwamba biashara hiyo iliuza watu. Njia iliyofungua bara kwa matunda ya pwani ilipitisha pia machozi.

Fikiri sasa juu ya yule aliyepanda. Mwembe wa kokwa hungojewa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa. Nchi hii ni ya ukame; njaa ya Ngomanisye, ya mwaka 1898 na 1899, iliua watu wengi mno. Kupanda mti wa namna hiyo katika nchi kama hii ni kuwaamini watakaozaliwa.

Mwembe waweza kuishi zaidi ya miaka 100. Siku hizi mingi ya zamani hukatwa kwa mkaa, au kuipisha miche ya kupandikizwa, izaayo upesi. Kwa hiyo, kabla shoka halijafika, mwulize mzee wa boma lenu: mwembe huu ulipandwa na nani, na kokwa lilitoka wapi? Yaandike majibu yake. Mti ukianguka, karatasi yako ndiyo itakayobaki shahidi.