Nauli ya Kwenda Amerika: Habari za Ndege za Wanafunzi, 1959 hadi 1963



Baada ya hesabu za fedha zilizotangulia, yafaa tueleze jambo moja la zamani linalohusiana sana na hesabu hizo. Katika mikutano yetu huulizwa mara kwa mara kwa nini Mfuko wa Elimu uchangie safari ya kijana mmoja kwenda kusoma ng'ambo, hali wapo watoto wengi wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo ya shule za hapa hapa. Swali hilo ni la haki, wala si geni. Wazee waliotutangulia walikabiliwa nalo katika miaka ya 1959 na 1960, na namna walivyolijibu ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

Kijana wa Kiafrika aliyetamani elimu ya juu katika Kenya ya wakati ule alikuta milango michache mno. Shule za sekondari za misioni, kama vile Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, zilipokea wachache. Mtihani wa mwisho ulitoka Cambridge, na sharti lake moja lilikuwa kali: aliyeanguka Kiingereza hakupewa cheti, hata akiwa ameshinda hesabu na masomo mengine yote. Waliofaulu vizuri waliweza kwenda Makerere, ambayo tangu mwaka 1949 ilikuwa na mapatano na Chuo Kikuu cha London ya kutayarisha wanafunzi kwa digrii za huko. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, lakini masomo ya digrii ya London hayakuanzishwa humo mpaka mwaka 1961. Uingereza walikwenda wachache waliochaguliwa, na aliyechagua alikuwa Serikali ya kikoloni.

Hata hivyo njia ya Amerika ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Mbiyu Koinange aliondoka mwaka 1927 akasoma Hampton, kisha Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Aliporejea mwaka 1938 hakukaa bure. Mwaka uliofuata kilianzishwa Chuo cha Ualimu cha Githunguri, kilichoendeshwa kwa michango ya watu hadi Serikali ilipokifunga mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari. Baada yake alikuja Julius Gikonyo Kiano, aliyepata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1956. Watu waliwaona hawa wawili kwa macho yao, wakajua ya kuwa jambo hilo lawezekana.

Basi vijana wakaanza kuandika barua. Waliandika kwa Kiingereza cha shule, kwa mkono au kwa mashine ya kupiga chapa ya karani fulani aliyewahurumia, wakizipeleka kwa vyuo ambavyo hawakupata kuviona hata katika picha. Vyuo vingine vilijibu vizuri kupita matumaini: njoo, karo tutakusamehe. Lakini hakuna aliyesema habari ya nauli. Kijana akabaki na barua ya kukubaliwa mkononi, na bahari mbili mbele yake.

Tom Mboya aliielewa shida hiyo vizuri, maana yeye mwenyewe aliondoka shule ya Mang'u kwa kukosa fedha, akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1959 alizunguka Marekani kwa majuma kadhaa akihutubia vyuo na mikutano, akiomba nafasi za masomo. Rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara wa huko, alishirikiana naye kuunda mfuko ulioitwa African-American Students Foundation. Kazi yake kubwa ilikuwa moja, kukodi ndege. Jackie Robinson, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba msaada, na maelfu ya watu wakatoa, wengi wao kidogo kidogo. Hapa Kenya, Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri walishughulikia uchaguzi wa watakaosafiri. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilisema vyuo vingi vya Amerika ni vya daraja la chini, na ya kuwa wengi wa vijana hao hawakustahili. Hatuwezi kusema neno hilo halikuwa na ukweli hata chembe, kwa kuwa vyuo vya Amerika vilitofautiana sana kwa ubora. Lakini waliosema hivyo ndio waliokuwa wameacha nchi nzima bila chuo kikuu chake baada ya zaidi ya miaka sitini ya utawala.

Kuhusu safari ya mwaka 1960 yamesemwa mengi. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Mboya akaenda kuonana na Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port mwezi Julai, na mfuko wa jamaa ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Wakati huo Kennedy alikuwa akishindana na Richard Nixon kwa urais. Mara Wizara ile ile iliyokataa ikasema sasa iko tayari kutoa, na mwezi Agosti jambo likafikishwa hata Baraza la Seneti, Seneta Hugh Scott akimlaumu Kennedy. Safari ya watoto wa Kenya ikawa fimbo ya kupigania kura huko ng'ambo! Fedha za Kennedy ndizo zilizotumika, na mwaka huo walikwenda karibu wanafunzi 300. Kufikia mwaka 1963 jumla yao ilikaribia 800, wakiwamo pia wa nchi jirani.

Turekebishe hapa jambo ambalo husemwa vibaya hata katika hotuba. Barack Obama, babaye rais wa Marekani wa baadaye, hakuwamo katika ndege ya 1959. Alikwenda Hawaii mwaka huo kwa msaada wa walimu wa Kimarekani wa kisomo cha watu wazima, ambao alikuwa amefanya kazi ya ukarani ofisini mwao Nairobi. Mfuko wa wanafunzi ulimsaidia akiwa tayari yuko huko.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Majina ya Kennedy na Belafonte yamo vitabuni. Lakini ndege ililipia njia tu. Mwanafunzi alihitaji fedha za matumizi, koti la baridi, viatu, sanduku, na hati za safari, na pengine sehemu ya karo ambayo chuo hakikuisamehe. Hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika karamu za chai. Kikombe cha chai kiliuzwa kwa bei isiyo ya chai, kuku akanadiwa, yai likanadiwa mara tatu na kurudishwa mezani, na mwandishi wa chama akaandika kila shilingi mbele ya jina la mtoaji. Vyama vya ustawi, makanisa, koo na mabaraza ya wilaya vyote vilishughulika hivyo. Waliotoa wengi wao hawakujua kusoma, na mtoto anayekwenda hakuwa wao.

Na ng'ambo ya pili mambo yalifanana. Kanisa la Dexter Avenue huko Montgomery, Alabama, ambalo mchungaji wake wakati huo alikuwa Martin Luther King, lilikubali kumsaidia mwanafunzi mmoja wa Kenya aliyekuwa akisoma Tuskegee. Waumini wa kanisa hilo walikuwa watu weusi waliobaguliwa katika mji wao wenyewe, nao wakachanga kwa ajili ya mgeni. Twaona kuwa kikapu cha sadaka cha Montgomery na meza ya chai ya kwetu vilikuwa kitu kimoja.

Vijana walikwenda kwa ajili ya digrii, wakakuta na mengine. Wangari Maathai, aliyemaliza Loreto Limuru mwaka 1959 na kusafiri mwaka uliofuata kwenda chuo cha watawa huko Atchison, Kansas, amesimulia jinsi basi lao liliposimama Indiana wakaambiwa vinywaji watauziwa, ila wakanywe nje. Kiingereza chao kilikuwa safi. Hakikuwasaidia kitu mlangoni mwa mkahawa ule. Lakini watawa wa Atchison na jamaa za hapo walimpokea vizuri, na alipata digrii yake ya kwanza mwaka 1964. Wenyeji nao walikuwa na ya kujifunza, maana wengi wao habari zote walizopata za Kenya zilikuwa za Mau Mau na za wanyama. Tangu mwaka 1961 walimu wa Kimarekani walianza kuja kufundisha sekondari za Afrika ya Mashariki kwa mpango uliosimamiwa na Columbia. Na katika karne hii walimu vijana wa Kenya wamekwenda vyuo vya Amerika chini ya mpango wa Fulbright kufundisha Kiswahili, jambo ambalo mwalimu wetu wa zamani aliyetupiga kwa kusema Kiswahili shuleni angelishangaa kulisikia.

Haifai kusahau kwamba wengine walielekea mashariki. Oginga Odinga aliwapatia vijana wengi nafasi katika nchi za Urusi na jirani zake, ambako walilazimika kujifunza lugha mpya kabla ya kuanza masomo yao. Waliporudi, baadhi yao walikuta vyeti vyao vikitiliwa shaka. Mchango wa wazazi wao haukuwa mdogo kuliko wa wengine.

Faida ilikuwaje? Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, nchi ilihitaji maofisa, walimu wa vyuo, madaktari na wahandisi, na wengi wa waliorejea walichukua kazi hizo. Maathai alipata udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971, na Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Lakini wazee wana haki ya kunung'unika. Wapo waliobaki huko huko. Wapo waliorudi wakakalia viti vikubwa wasitie mguu tena katika baraza la kijiji kilichowauzia chai. Wasichana nao walikuwa wachache mno katika ndege zile, kwa sababu wachache walikuwa wameachwa wafike sekondari. Tena karibu hakuna mahali ambapo mwenda-masomo aliandikiana na watoaji mkataba wowote. Walitegemea haya yake tu.

Kamati imeona Mfuko wetu usifungwe, ila kila atakayesaidiwa kwenda ng'ambo aandikiane na chama mbele ya wazazi wake, uchaguzi utangazwe wazi, na nusu ya nafasi ziwekewe wasichana. Shauri hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu ujao, na wanachama ndio watakaoamua.

Kuna na ombi. Madaftari ya michango ya miaka ile yamepotea karibu yote. Mengine yaliliwa na mchwa, mengine yalifungiwa sukari dukani. Waliokuwa watu wazima mwaka 1960 sasa wamebaki wachache, na ni wazee sana. Mwanachama yeyote mwenye risiti, orodha ya karamu ya chai, barua kutoka kwa mwanafunzi, au mzazi anayekumbuka nani alitoa nini, tafadhali afike ofisini siku yoyote ya kazi. Karatasi zitanakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na wazee wasioweza kutembea watafuatwa nyumbani.